Mtoto "aliyeshindikana": tatizo la mwenendo ni nini, na nyumbani kufanyike nini

Kila habari za panya road, yaani makundi ya vijana wanaovamia na kupora watu, zinapotoka Dar es Salaam, mazungumzo ya vijiweni Arusha na Moshi huelekea kulekule: watoto wa siku hizi wameshindikana, walimu hawana meno tena, akina mama wameshindwa kulea. Katika mazungumzo hayo, mtoto wa miaka 6 anayepanda kila mti, mvulana wa miaka 12 aliyetoroka shule wiki nzima akacheza mashine za kamari za bonanza mtaa wa Ngarenaro, Arusha, na kijana wa miaka 16 aliyemtolea mama yake kisu wote hutiwa kapu moja. Wakishatiwa kapu moja hupewa na dawa moja: kichapo, na kisipofaa, wafukuzwe. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza miaka ambayo ingewafaa sana.

Wataalamu wa afya ya akili hulitumia jina la tatizo la mwenendo kwa mtoto au kijana ambaye kwa muda mrefu amekuwa akirudia matendo yanayowaumiza wengine au kuvunja kanuni kubwa za umri wake. Matendo hayo yana mafungu manne. La kwanza ni ukatili kwa watu na wanyama: kuonea wadogo, kuanzisha ugomvi, kushika silaha, kutesa mbwa au paka. La pili ni kuharibu mali kwa makusudi, ikiwemo kuchoma moto. La tatu ni wizi na uongo wa kujipatia faida. La nne ni uvunjaji mkubwa wa kanuni, kama kulala nje bila ruhusa au kuzoea utoro kabla ya kufika miaka 13. Mwongozo wa madaktari wa Marekani, unaotumika katika nchi nyingi, una orodha ya matendo 15. Ili mtoto aingie humo, awe ameonyesha angalau 3 katika miezi 12 iliyopita, na angalau 1 katika miezi 6 ya karibuni, tena maisha yake ya nyumbani, shuleni au na wenzake yawe yameharibika kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo aliyeiba elfu mbili mara moja hayumo. Mtundu asiyetulia hayumo. Mkaidi anayebisha kila neno, ananuna na kujibu wazazi, ana shida yake inayohitaji kushughulikiwa, lakini bado hajafika huku. Na mtoto anayelala stendi, akaiba mkate kwa njaa au akapigana asinyang'anywe blanketi, hapaswi kubandikwa jina hili haraka. Anatafuta kuishi. Mtaalamu makini huuliza kwanza mtoto anaishi wapi na nani kabla ya kuuliza amefanya nini.

Umri wa kuanza nao una uzito. Ambaye dalili zilianza kabla ya miaka 10 ana hatari kubwa zaidi ya kuendelea nazo, na mara nyingi nyuma yake kuna jambo lingine lililojificha. Ambaye alikuwa mtulivu hadi darasa la saba, akabadilika alipoingia kidato cha kwanza na kupata marafiki wapya, kwa kawaida anafuata kundi. Huyo ana nafasi nzuri sana ya kurudi, mradi asifukuzwe nyumbani wala shuleni, maana akifukuzwa anabakiwa na kundi lile tu.

Hakuna chanzo kimoja. Wapo wanaozaliwa na hasira za karibu na uoga mdogo. Wapo ambao mama alikunywa pombe akiwa mjamzito, na ubongo wa mtoto ukaumia kabla hajazaliwa. Katika maeneo ambako mbege, pombe ya ndizi, hunywewa kama kinywaji cha kawaida cha nyumbani, hilo lisemwe waziwazi kliniki ya wajawazito. Kuna kupigwa sana, kutelekezwa, kushuhudia baba akimpiga mama, kufiwa na mlezi, kunyanyaswa kingono. Mara nyingi mambo mawili matatu hukutana kwa mtoto mmoja.

Mama anayelea peke yake si chanzo. Kinacholeta shida ni mlezi kuchoka bila msaidizi, na hilo hutokea hata nyumba yenye baba.

Mzunguko unaolisha tatizo

Tuingie nyumba moja Pasua, Moshi, saa 12 jioni. Mama ametoka kuuza ndizi soko la Mbuyuni, miguu inamuuma. Akiwa jikoni anaita: "Osha vyombo!" Mvulana wa miaka 11 ana simu mkononi. "Nakuja." Dakika kumi zinapita. Mama anaita tena, sauti imepanda, na safari hii anaongeza mambo ya jana na ya juzi. Kijana naye anapandisha, anapiga ndoo teke, maji yanamwagika. Mama anavuta pumzi: "Acha, nitaosha mwenyewe."

Hapo kila mmoja amejifunza kitu. Mtoto amejifunza kwamba akipandisha kelele za kutosha, kazi inamwondokea. Mama amejifunza kwamba akiachia, nyumba inatulia. Kesho yake mama amechoka zaidi, anashika mwiko na kumchapa nao, mtoto anaosha. Sasa mama amejifunza kwamba anayesikilizwa ni anayepiga, na mtoto amejifunza hilohilo. Wiki ijayo atampiga mdogo wake. Gerald Patterson na wenzake huko Oregon, Marekani, walikaa majumbani mwa familia wakiandika kila kinachotokea kati ya mzazi na mtoto, na mzunguko huu ndio walioukuta: kila upande hupanda ngazi moja hadi mmoja asalimu amri. Ukirudiwa mara nyingi kwa siku, kwa miaka, ndio unaompeleka mtoto darasani na mtaani akiwa na silaha moja tu ya kupata anachotaka.

Mzazi akisalimu amri mara moja kati ya tano, hali ni mbaya kuliko anayesalimu kila siku. Mashine ya bonanza haimlipi mchezaji kila anapotumbukiza sarafu, na ndiyo maana haachi. Mtoto aliyewahi kushinda ugomvi wa tano atapigana ugomvi wa sita kwa nguvu zote.

Habari njema ni kwamba upande mmoja wa mzunguko huu uko mikononi mwa mtu mzima, na ukibadilika huo, wa mtoto hulegea. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa watoto wa umri wa shule ya msingi ni kumfundisha mlezi namna tofauti ya kutoa amri, kusifu na kuadhibu. Watu wengi huliona hilo kama lawama kwa mzazi. Si lawama: mtoto huyu anahitaji malezi yenye ufundi kuliko anayohitaji ndugu yake mtulivu, na ufundi hujifunzwa.

Kazi yenyewe

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Chukua daftari, na kila balaa linapotokea andika mambo manne: saa ngapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, wewe ulifanya nini baadaye. Baada ya siku saba utaona mpangilio. Mara nyingi balaa hujirundika saa mbili tatu za siku, mathalani kabla ya chakula cha usiku, au siku ambazo baba amerudi amelewa.

Kisha anza na kitu ambacho wazazi hukipinga sana: dakika 15 kila siku za kukaa naye bila kumhubiri. Cheza bao naye, menya naye ndizi, angalia naye mpira, achague yeye. Usiulize habari za shule, usikosoe. Dakika hizo zisifutwe hata siku aliyokosea, kwa sababu si zawadi. Bila hizo, sifa na adhabu zako hazina thamani kwake, maana hana cha kupoteza.

Amri iwe fupi na ya jambo moja. Msogelee, mwite jina, atazame, kisha sema cha kufanya: "Weka simu mezani, uoshe vikombe." Usipige kelele kutoka jikoni. Usiseme "Acha ujinga", haina maana inayotekelezeka. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akifanya, msifu palepale kwa kutaja alichofanya: "Umeweka simu mara moja nilipokuambia, vizuri sana." Asipofanya, rudia mara moja tu pamoja na matokeo yake: "Usipoanza sasa, simu inalala kwangu hadi kesho jioni." Hesabu tena. Kisha tekeleza, bila hotuba. Hotuba ndefu ni umakini wako wote anaupata, na umakini ndio anaoutafuta.

Lenga kumsifu angalau mara nne kwa kila unapomkemea mara moja. Kwa mtoto aliyezoea kusikia "wewe mbwa wewe" tangu asubuhi, siku za mwanzo utalazimika kuwinda cha kusifu: amefunga mlango taratibu, amepita karibu na mdogo wake bila kumsukuma. Sifia hicho.

Kwa wa miaka 5 hadi 11, chagua mambo matatu tu, uyaandike ukutani kwa lugha ya kutenda: kurudi nyumbani kabla ya saa 12 na nusu jioni, kuongea bila matusi, kufanya kazi anapoambiwa mara ya kwanza. Kila moja lina alama kila siku. Alama zibadilishwe kwa vitu vidogo vya siku hiyohiyo, kama kuchagua chakula cha usiku, nusu saa ya ziada ya mpira au kwenda na wewe mjini Jumamosi. Kosa la kawaida ni kuahidi baiskeli ya mwisho wa mwaka. Mtoto huyu haoni mbali hivyo. Kwake Desemba haipo. Kosa la pili ni kumnyang'anya alama alizokwisha kuzipata. Akikosea, hapati ya leo, basi.

Adhabu iwe ndogo, ya uhakika na ya karibu. Kwa wadogo, kukaa kimya pembeni dakika moja kwa kila mwaka wa umri inatosha. Kwa wakubwa, kupoteza simu jioni moja, au kazi ya ziada ya nusu saa, au kutengeneza alichoharibu. Chakula, kulala ndani na ada ya shule visiguswe kamwe.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Ukianza kushika msimamo, mtoto atazidi. Siku chache za mwanzo, pengine wiki mbili, atapiga kelele zaidi, atatukana zaidi, atatishia kuondoka, kwa sababu silaha yake ya zamani imeacha kufanya kazi naye anaijaribu kwa nguvu zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa hapa wakisema "tumejaribu, imeshindikana". Aliyeachia siku ya tisa amemfundisha mtoto kwamba kelele zinazohitajika ni za siku tisa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kubalianeni watu wazima wote wa nyumbani, pamoja na bibi, mjomba na dada wa kazi, sheria zile tatu na matokeo yake. Mmoja akikataza na mwingine akaruhusu kwa siri, mpango umekufa.

Kijana wa miaka 12 na kuendelea

Kijana mkubwa habandikiwi alama ukutani. Anakaa mezani mnaandikiana. Mkataba wa ukurasa mmoja: yeye anafanya nini, anapata nini, asipofanya kinatokea nini, na nyote mnasaini. Apewe nafasi ya kujadiliana kweli. Akitaka saa 2 usiku na wewe unataka saa 12, mkikubaliana saa 1 ana sababu ya kuitimiza.

Jambo linalomlinda kijana kuliko hotuba yoyote ni mtu mzima kujua mambo manne kila siku: yuko wapi, yuko na nani, wanafanya nini, anarudi saa ngapi. Na kuhakikisha. Piga simu, pita pale, mfahamu mama wa rafiki yake. Mjini hapa hatari zina anwani: vibanda vya bonanza, vijiwe vya bangi na mirungi, rafiki mkubwa mwenye pikipiki anayempa "kazi" ya usiku, na simulizi za machimbo ya tanzanite ya Mirerani kwamba huko utajiri hauhitaji shule. Kumkataza rafiki kwa maneno matupu humsogeza kwake. Kinachosaidia ni kumpa pa kwenda saa zilezile: timu yenye kocha anayeita majina, kwaya, madrasa, karakana ya fundi unayemwamini. Angalia jambo moja tu, kwamba huko asikusanywe na wakorofi watupu. Vijana wenye shida hii wakiwekwa pamoja bila watulivu miongoni mwao hufundishana.

Kuhusu wizi, usimhoji. "Ni wewe uliyechukua?" ni somo la uongo, kwa sababu jibu la kweli linaadhibiwa. Weka kanuni moja: kitu chochote anachokutwa nacho ambacho hawezi kuonyesha kimetoka wapi, kinahesabiwa si chake, kinarudishwa siku hiyo, na anafanya kazi ya kulipia. Hakuna kesi wala viapo. Na pesa zifungiwe. Pochi kuachwa wazi mezani "kumpima" ni mtego, na yeye atanasa.

Akipandwa na hasira, mtu mmoja tu aongee, kwa sauti ya chini kuliko yake. Msimzingire wala kuziba mlango. Mapanga, visu, petroli na viberiti viwe mbali tangu jana. Mazungumzo kuhusu kilichotokea yasubiri hadi kesho yake.

Dawa za mtaani zinazoongeza ugonjwa

Fimbo husimamisha tendo kwa dakika chache, ndiyo maana inaaminiwa. Lakini utafiti wa wanafunzi wa shule ya msingi hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba watoto wanaopigwa zaidi ndio wanaoonyesha ukatili na matatizo ya tabia zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kusema kipi kilianza. Hata hivyo, kwa mtoto ambaye shida yake ni kuumiza wengine, kumwonyesha mfano wa kuumiza ni kumwongezea somo. Wapo pia wenye tatizo hili ambao hawaogopi maumivu kama wengine. Kwao fimbo inabidi ikue kila mwezi, na mwisho wake ni majeraha.

"Akalale polisi usiku mmoja apate akili." Marekani walilijaribu wazo hilo kwa upana. Mpango ulioanzia gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, uliwapeleka vijana gerezani watishwe na wafungwa. Tafiti zilizolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa zilikuta waliopelekwa walifanya makosa zaidi baadaye. Sheria yetu nayo ina mipaka: mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai, na wa miaka 10 hadi 12 hawajibiki mpaka ithibitike alijua alichofanya ni kosa. Anayeshtakiwa akiwa chini ya miaka 18 kwa kawaida huenda Mahakama ya Watoto, na asichanganywe na watu wazima.

Bweni na kijijini kwa bibi vinaahirisha tu. Mtoto atatulia mwezi mmoja kwa ugeni, kisha atarudia, safari hii mbele ya mzee asiye na nguvu. Na kusimamishwa shule ni kumpa alichokuwa anakitafuta, yaani wiki mbili mtaani kwa ruhusa. Afadhali mzazi amwombe mwalimu wa darasa karatasi ya siku: mambo mawili tu, kwa mfano "amekaa darasani" na "hajapigana", mwalimu anaweka tiki na saini kila baada ya vipindi kadhaa, na tiki zinahesabiwa nyumbani jioni. Inachukua mwalimu sekunde chache kwa kila saini, hata darasa liwe na watoto 80.

Maombi ni faraja ya familia, na mchungaji au shehe anayeheshimiwa anaweza kuwa mtu mzima mmoja zaidi wa kumfuatilia kijana. Kumfunga, kumnyima chakula au kumchanja ili mapepo yatoke ni ukatili, na simu ya msaada kwa mtoto, 116, ipo kwa ajili hiyo, bila malipo.

Wasichana husahaulika katika habari hizi. Kwao tatizo mara nyingi halina ngumi: ni uongo, kutoroka, kuwachonganisha wenzao, kuiba, kulala kwa wanaume wakubwa. Jamii humwita malaya na kufunga mjadala, wakati huenda ndiye aliyenyanyaswa kwanza.

Hospitali inatafuta nini

Hospitali za rufaa za mikoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, pamoja na hospitali ya kanda ya KCMC iliyoko Moshi, ndizo za kuanzia; ulizia kliniki ya afya ya akili. Nenda na daftari lako la wiki na ripoti za shule. Mtaalamu atatafuta kilichojificha: mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi, asiyejua kusoma akiwa darasa la tano huvuruga somo ili asisomeshwe kwa sauti, mwenye kifafa, mwenye sonona, mwenye shida ya umakini na kutotulia. Hiyo ya mwisho huambatana sana na tatizo la mwenendo, na ikitibiwa, ghadhabu nyingi hupungua. Hakuna kidonge kinachotibu tatizo la mwenendo lenyewe. Dawa za kutuliza ukatili mkali zipo, hutolewa kwa muda mfupi kwa uangalizi wa daktari, na uzito wa mtoto lazima ufuatiliwe. Anayeuza "dawa ya adabu" anauza usingizi.

Usisubiri miadi kama ametaja kujiua, amechoma moto, ametumia silaha, anatesa wanyama kwa kurudia, au amemgusa mtoto mdogo kingono. Siku hiyohiyo nenda hospitali, na umhusishe afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Mtoto mdogo alindwe kwanza, hata kama aliyemdhuru ni ndugu yake.

Hesabu miezi, si siku. Ugomvi hupungua kwanza, wizi na uongo hufuata baadaye. Wengi wa watoto hawa hawawi wahalifu sugu ukubwani. Kurudi nyuma hutokea hasa likizo, na kwa familia za huku likizo kubwa ni Desemba, ukoo mzima unapopanda vijijini Kilimanjaro: Rombo, Marangu au Machame. Ratiba inavunjika, pombe ipo kila kibanda, bibi hana moyo wa kukataa kitu. Kabla ya safari punguza sheria tatu ziwe mbili, mpigie bibi umsomee, panda na daftari, na dakika 15 ziendelee huko migombani. Shule zikifungua Januari, rudisha ile ya tatu.